Kuhusu ile ditekta mpya

Jamani wanagrupu habari za jioni, naona toka jana mnarushiana tangazo la ile ditekta mpya, yaani mashine ya kusaka sarafu na vyuma vilivyofukiwa mchangani, na wengine mshaanza kuulizia bei, naomba tusubiri kwanza. Mchanga wetu wa Bagamoyo haubadiliki kwa sababu ya tangazo, pale maji yanapofika ile chumvi inapitisha umeme, mashine inalia ovyo hata kama chini hakuna kitu, na hizi mashine zinazotumia masafa ya mawimbi (frequency) mengi kwa pamoja zinapunguza hiyo kelele ila haziimalizi. Sarafu moja ukiidaka sentimita 25 chini shukuru sana, mtu akikwambia mita mbili usimwamini. Na Kaole msisogee kabisa na mashine, magofu yale yanalindwa na sheria ya mambo ya kale ya 1964!! Hela za mchango zikae kwanza, tusikie walioijaribu kwenye mchanga mbichi wa bahari ndo tuamue.