Uzani mwingi chini hautulizi kamera

Mhariri,

Kwenye ukurasa wenu wa teknolojia, msomaji mmoja aliuliza atajitengenezeaje kifaa cha kutuliza kamera. Akajibiwa afunge bomba chini ya kamera na aning'inize uzani mzito kadiri mkono wake utakavyomudu. Naomba jibu hilo lisahihishwe. Nami nililifuata zamani, likaniharibia picha ambayo siwezi kuipiga tena.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa bomba la chuma la nusu inchi: juu kamera, chini sahani ya kilo 2, ubavuni mpini ulioshikana na bomba kwa kiungo kinachozunguka pande zote kama bega. Siku mtoto wa dada yangu alipokuwa anajifunza baiskeli, nikamfuata nacho. Mtikisiko wa mkono ulikwisha kweli. Lakini kila nilipoanza kutembea picha ililala upande, na niliposimama iliendelea kubembea kama ndoo kwenye kamba. Alipoachiwa akaenda peke yake kwa mara ya kwanza, ardhi yote kwenye video ilikuwa inapanda huku na kushuka kule. Inaniuma kila nikiitazama.

Bomba lililozidiwa uzito chini ni timazi, kama uzani wa fundi unaoning'inia kwenye kamba. Linakimbilia kusimama wima, na mwendo wako ukibadilika tu, linabembea. Kinachotuliza kamera ni ugumu wa kifaa kizima kugeuka, na ugumu huo unatokana na umbali kuliko kilo: uzani uleule ukisogezwa mbali na mkono mara mbili, ugumu wake unaongezeka mara nne. Kwa hiyo tafuta bomba refu jepesi, weka uzani mdogo nchani, kisha sogeza mpini hadi ushike juu kidogo tu ya pale kifaa kinapojisawazisha, milimita chache. Garrett Brown, Mmarekani aliyebuni Steadicam, kifaa cha kutuliza kamera za filamu, miaka ya 1970 na kupewa Oscar kwa uvumbuzi huo mwaka 1978, naye aliuweka mkono karibu na hapo hapo.

Kupima ni rahisi. Weka kwanza betri na kadi ya kumbukumbu, ondoa kifuniko cha lenzi, maana hata hicho kina uzito. Sogeza kamera mbele na nyuma, kushoto na kulia, hadi bomba lisimame bila kuinama. Sasa shika mpini, laza bomba sambamba na sakafu, uliachie. Likichukua sekunde 2 hadi 3 kufika wima, liko sawa. Likianguka ghafla, chini kumezidi. Likibaki limelala, au kamera ikapinduka kwenda chini, juu kumezidi. Mimi siku hizi natumia washa za chuma zilizopangwa kwenye bolti badala ya sahani moja, kwa kuwa ukitoa washa moja tu unaiona tofauti.

Jibu lenu halikugusa pia bolti ya kushikia kamera. Tundu la chini ya kamera nyingi ni la robo inchi, meno 20 kwa inchi, na ni fupi. Bolti ndefu ukiikaza inagota ndani na inaweza kupasua kitako cha kamera. Iache itokeze milimita 4 au 5 juu ya ubao unaokalia kamera, basi.

Msomaji yule alieleza kwamba anataka kurekodi mahafali ya binti yake mwezi ujao. Tafadhali chapisheni masahihisho mapema, apate muda wa kupunguza uzani na kuzoea kutembea magoti yakiwa yamelegea, kisigino kikitangulia kugusa chini.

Wako,
Mpiga video, msomaji wenu wa siku nyingi