Kampuni inahamia Hungaria, mke hataki kuondoka

Shikamoo shangazi. Kwetu ni Kisauni, Mombasa, lakini naishi karibu na Stuttgart, Ujerumani. Nina mke na binti wa darasa la tatu.

Kwa miaka 12 nimekuwa mhandisi wa giaboksi, yaani sanduku la gia za gari. Kazi yangu ni kuisikiliza, nijue ni jino lipi la gia linalolia na kwa nini. Naipenda sana kazi hii. Lakini magari mengi ya umeme yana gia moja tu, kwa hiyo kazi kama yangu inapungua. Volkswagen ilipokubaliana na chama cha wafanyakazi Desemba 2024 kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 kufikia 2030, nilijua na sisi tunaowauzia vipuri watengenezaji wa magari hatutasalimika.

Sasa kitengo chetu kinahamishiwa Hungaria. Nifuate kazi kwa mshahara wa huko, ambao ni mdogo, au nisaini mkataba wa kuondoka kwa hiari nipewe kiinua mgongo. Nikisaini, ofisi ya ajira inaweza kuninyima posho ya wasio na kazi kwa wiki 12. Isitoshe, nimeagizwa niwafundishe watakaochukua nafasi zetu. Vijana wenyewe ni wazuri, sina kinyongo nao, ila narudi nyumbani siwezi kula.

Mke wangu ni muuguzi. Kijerumani alikisotea miaka mitatu ndipo akaajiriwa. Kihungaria akianze lini? Tena kuna suala la uraia. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010, Ujerumani ikaufungulia mlango Juni 2024, nami nikaomba mara moja. Faili bado iko ofisini. Nikihama, naogopa maombi yatakufa, na hata kibali cha ukaazi wa kudumu kwa kawaida hufutika ukikaa nje zaidi ya miezi sita.

Mke anasema niende peke yangu, niwe nakuja wikendi. Shangazi, baba yangu alikuwa baharia. Nilimjua kwa zawadi zake kuliko kwa sura yake. Sitaki binti yangu anijue hivyo.

Moyo wangu unataka nibaki, nisomee mambo ya betri, japo nianze chini kabisa. Lakini tuna mkopo wa nyumba, na mama bado sijamwambia. Kila Ijumaa akiniuliza mbona sauti imepooza, nasema ni baridi.

Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nisaini? Na mama nimwambie sasa, au nisubiri nipate kazi nyingine?