Michoro ya bamba linalozama isichapishwe kama picha za kamera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe rai kuhusu michoro ya rangi nyekundu na buluu inayoonyesha ndani ya ardhi, ambayo magazeti huichapisha kila litokeapo tetemeko kubwa mahali ambapo bamba la bahari (pande kubwa la mwamba wa tabaka la juu la dunia) huzama chini ya bamba jingine. Maelezo yake humfanya msomaji adhani kuna kamera iliyoteremshwa huko, ilhali shimo refu kuliko yote kwenda chini ambalo binadamu amechimba, lile la Kola nchini Urusi, lilikomea mita 12,262, na bamba linalozama huweza kufuatiliwa kwa matetemeko yake hadi karibu kilomita 700.

Kinachopimwa hasa ni muda. Mawimbi ya tetemeko yaliyopita ndani ya bamba, ambalo bado ni baridi, huwahi kidogo kufika kwenye vipimatetemeko. Yaliyopita katika miamba yenye joto iliyo juu yake, ambako maji yanayotoka kwenye bamba huifanya miamba iyeyuke kwa urahisi zaidi na hivyo kuzaa volkano, huchelewa. Kompyuta hukusanya tofauti hizo, nyingi zikiwa za sekunde chache au chini ya sekunde moja, kisha hutafuta umbo la ndani linaloweza kuzieleza. Kwa desturi buluu ni palipo na mwendo wa kasi na nyekundu ni palipo na mwendo wa polepole. Joto ni sababu mojawapo tu, kwa kuwa maji, miamba iliyoyeyuka na aina ya madini navyo hubadili mwendo huo.

Tena, panapopita mawimbi machache umbo hufifia au hurefuka kuelekea yalikotoka mawimbi, na msomaji haambiwi. Upungufu huo ni mkubwa baharini, kwa kuwa vipimatetemeko vingi viko nchi kavu. Baada ya tetemeko la kipimo cha 9.0 la Machi 11, 2011, Japani ilitandaza kwenye sakafu ya bahari mtandao wa S-net wenye vituo 150 vya kupimia matetemeko, ingawa lengo lake kuu lilikuwa tahadhari ya mapema, si michoro.

Ninachoomba ni kidogo: kila mchoro uandikwe rangi zake zinamaanisha nini na ni sehemu gani haina vipimo vya kutosha. Aidha, vichwa vya habari visidai kwamba wanasayansi “wameliona” tetemeko lijalo, kwa maana mchoro huu huonyesha bamba limelala vipi, wala hautaji siku litakaposhtuka.

Msomaji wako