Zuwena, injini usiiuze kabla hujashika waya

Mwanangu Zuwena,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, hali zetu huku Wete ni njema, alhamdulillahi. Mama yako hajambo, ila magoti yanamsumbua kila mvua ikinyesha. Bibi yako anakusalimu sana na anauliza kama kweli huko Tunguu mnakula mkashiba.

Nimesoma ulichoniandikia kuhusu ile injini ya Mills, ile ndogo ya ndege za mfano, ya marehemu babu yako Faki. Umeona bei wanayotaja Waingereza kwa injini kama ile, na kwa maoni yako kuiweka kabatini ni kuipa kutu bure. Sikukatazi. Babu yako aliniachia mimi, nami nilishakwambia ni yako, basi ni yako. Nina sharti moja tu, na ndilo lililonikalisha kitako kuandika badala ya kukupigia simu: usiiuze kabla hujairusha. Na kurusha ninakokusudia mimi ni kwa waya, ndege imefungwa inakuzunguka, si kuitia kwenye ndege ya rimoti kama alivyokushauri yule mwenzako.

Najua waya unauona mambo ya kale. Ni ya kale kweli. Miaka ya 1930 mtu akitengeneza ndege ndogo ya injini alikuwa akiiwasha, akiiachia, kisha akiikimbilia. Huku Pemba ingekuwa ni kuitoa sadaka kwenye mikarafuu. Redio za wakati ule zilikuwa nzito na ghali, hazibebeki na kidege cha mkononi. Huko Oregon, Marekani, Oba St. Clair akaona njia ya kuifunga ndege kwa nyaya na kuiongoza kwazo huku yeye amesimama katikati. Jim Walker, wa Portland katika jimbo hilohilo, naye akaja na wake, akapata hataza, yaani haki ya peke yake ya kuitumia njia hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 akawa anauza ndege aliyoiita Fireball. Walker alikuwa mtu wa maonyesho: akirusha ndege tatu kwa mpigo, moja mkono wa kulia, moja wa kushoto na ya tatu nyaya zake amezifunga kichwani. Mwaka 1955 mambo yakafika mahakamani baina yake na mtengenezaji mwenzake, Leroy Cox, na ushahidi wa St. Clair, aliyemtangulia, ukaiangusha ile hataza. Mimi humuonea huruma kidogo Walker, maana bila kelele zake mchezo usingefika kwa watu. Lakini haki ni haki.

Babu yako aliupata mchezo huu Uingereza akiwa baharia. Baada ya vita vya pili vijana wa kule walishikwa nao vibaya sana. Kampuni ya KeilKraft ikiuza vifurushi vya mbao zilizokwishachorwa, nawe unanunua injini yako pembeni. Ndiyo hiyo ndege iliyobaki mifupa juu ya kabati langu, na ndiyo hiyo injini.

Sasa nikueleze nyaya, kwa sababu kila mtu husifu injini na kazi kubwa ni ya nyaya.

Ndani ya bawa la kushoto utaona tundu mbili zinazotoa waya nje. Ukizifuata mpaka katikati utakuta kipande cha bati la pembe tatu kinachozunguka kwenye skrubu. Waya wa mbele unavuta pembe moja, wa nyuma unavuta nyingine, na pembe ya tatu ina fito ya chuma inayokwenda mpaka mkiani, kwenye kibawa kinachopanda na kushuka. Nje, nyaya zote mbili zinaishia kwenye mpini unaoushika wewe. Ukiinamisha mpini nyuma, ndege inapanda. Ukiinamisha mbele, inashuka. Basi. Hakuna kulia wala kushoto, kwa sababu ndege haina pa kwenda ila kukuzunguka.

Hayo yote ni bure nyaya zikilegea. Waya uliolegea hauvuti kitu, na ndege isiyovutwa haina rubani. Ndiyo maana utakapoishika ile ndege utaona mambo matatu ya kukutia shaka: usukani wa mkiani umepinda kwenda nje, injini yenyewe imeelekezwa nje kidogo, na kwenye ncha ya bawa la kulia kuna chubwi la mshipi limegandishwa na gundi. Usinyooshe kitu wala usilitoe chubwi. Vyote vitatu viko pale kuifanya ndege itake kukukimbia, ili nyaya zikazane. Chubwi linalipa uzito wa nyaya zinazoning'inia upande wa kushoto. Bila hilo bawa la ndani hulala na ndege hukujia.

Nimekufanyia hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Ndege ikiwa gramu 350, nyaya mita 12, mwendo kilomita 65 kwa saa: mzunguko mmoja ni kama mita 75 na unakwisha kwa sekunde nne na ushei. Mvuto mkononi mwako unakaribia kilo nzima. Yaani inakuvuta kwa karibu mara tatu ya uzito wake, na unaisikia kila pumzi yake kwenye kifundo cha mkono. Ya rimoti haina hili. Ile unaitazama tu ikienda, mkono wako haujui kitu. Nimeishika ya rimoti ya watu pale kiwanjani nikaona kama nabonyeza kikokotoo, Mungu anisamehe.

Nyaya za zamani usizitumie hata zikiwa zinang'aa. Nenda duka la zana za uvuvi, uliza waya wa chuma cha pua uliosokotwa, ule wanaofungia ndoana za papa wadogo, ukitafuta mwembamba kabisa, usiozidi robo ya milimita. Kata mbili zilizo sawasawa. Zikipishana hata nusu kidole, ukishika mpini wima ndege itakuwa inapanda au inashuka yenyewe. Kisha zijaribu: funga ndege mahali imara kwa kile kipande cha pembe tatu, na kwenye mpini ning'iniza ndoo yenye lita tano za maji, uiache itulie. Ikishika, hiyo ni zaidi ya mara kumi ya uzito wa ndege. Ikikatika, heri ikatikie ndoo kuliko uso wa mtoto wa mtu. Na mpini uwe na kitanzi cha kuvaa mkononi. Hili si la kujadili.

Mbao. Bawa la kulia mbavu mbili zimeliwa, na ile karatasi ya shashi inayolifunika imemalizwa na mende. Fundi mmoja wa huku aliniambia tuchonge mbavu za msufi, eti ni laini vilevile. Laini ndiyo, lakini msufi ukikauka bado ni mzito zaidi ya mara mbili ya balsa, ule mbao mwepesi wa ndege hizi, na uzito ndio unaoua ndege hizi. Agiza balsa, kipande kidogo tu kinatosha. Ukikosa kabisa, ukingo wa mbele unaweza kuwa wa mwanzi uliopasuliwa mwembamba, lakini mbavu hapana. Na mchoro uufuate kama ulivyo. Huko Marekani wana mashindano ya ndege za maonyesho zilizochorwa kabla ya mwaka 1953 tu, na ukibadilisha umbo la bawa huna nafasi. Wewe hushindani na mtu, lakini waliochora walikwishakosea na kusahihisha kabla yako, kwa nini uanze upya?

Shashi ikishagundishwa, inyunyizie maji kidogo, iache ikauke, itakaza yenyewe. Halafu ndiyo upake dopu, ile vanishi ya kukazia shashi, mpako mwembamba mara tatu au nne, dirisha wazi. Usipake siku ya mvua. Unyevu wa kwetu huu huigeuza nyeupe na haipendezi tena. Mimi hungoja asubuhi kavu ya kaskazi.

Injini naiandika kwa ufupi kwa sababu nitakuonyesha ukija likizo, ila mawili matatu uyajue. Ni ya sentimita za ujazo 1.3, inaitwa dizeli lakini haina nozeli wala plagi. Mafuta yanaingia na hewa kupitia sindano ya pembeni, na yanawaka kwa kubanwa tu. Ile skrubu ya juu yenye umbo la T inashusha kipistoni kidogo ndani ya kichwa, na hapo ndipo unapoongeza au kupunguza mbano. Unawasha kwa kupiga pangaboi kwa kidole kilichovaa glavu nene, au kwa kijiti kilichovikwa mpira. Ukipiga ukaona pangaboi limegoma juu kabisa, usilazimishe. Ndani mna mafuta, na mafuta hayabanwi. Ukilazimisha unapinda konrodi, na hapo Mwingereza wako hakupi hata nauli. Legeza skrubu mzunguko mmoja, ipindue injini mafuta yatoke, anza tena.

Mafuta yake ni theluthi ya mafuta ya taa, theluthi ya mafuta ya mbarika na theluthi ya etha. Mafuta ya taa yapo kila kituo. Ya mbarika tafuta yaliyo safi, si yaliyochanganywa kwa ajili ya nywele. Etha ndiyo kazi: ndiyo ile waliyokuwa wakiwalazia wagonjwa zamani hospitalini. Muombe mwalimu wako wa maabara akuelekeze kwa muuzaji mwenye kibali, nunua kidogo, changanya nje, usikae nayo miezi maana ikizeeka inajenga kitu kinacholipuka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la jirani. Bwenini usiiingize kabisa, Zuwena. Nikisikia umeiingiza bwenini nitaiuza injini mimi mwenyewe.

Kurusha. Tiara ulizokuwa ukirusha pale skuli zilitaka upepo. Hii upepo ni adui yake. Wakati wa kusi usijisumbue. Ngoja maleleji, alfajiri baada ya sala, kiwanja cha mpira kikiwa kitupu. Angalia juu kwanza: popote penye nyaya za umeme, hata kwa mbali, ondoka, kwa sababu umeshika chuma cha mita 12 mkononi. Wingu la radi likionekana, ondoka pia. Kisha fuatilia duara lako kwa miguu na uhakikishe hakuna mbuzi wala mtoto ndani yake.

Msaidizi wako aiachie ndege upande ambao upepo unaelekea, ili hewa iisukume nje na nyaya zikaze tangu mwanzo. Sehemu ya hatari ni ile unayoelekea upepo usoni, hapo inasukumwa kwako. Ukihisi mkono umekuwa mwepesi ghafla, usifikiri, rudi nyuma mbio, hatua tatu nne, mpaka uusikie mvuto. Kiwiko kaza, kifundo kaza, tumia bega. Wanaoanza wote hutumia kifundo, na ndege huruka kama panzi mpaka ikaingia ardhini. Macho yawe kwenye ndege tu. Ukitazama minazi inayopita nyuma yake utapata kizunguzungu na kuanguka kabla yake.

Na ujue kwamba hakuna kuzima. Ikishapaa ni mpaka tangi liishe, dakika mbili au tatu, na katika dakika hizo huna ruhusa ya kuchoka, kujikuna wala kupokea simu. Injini ikikata utasikia kimya, basi ongoza mpini kwenye usawa, vuta mkono kidogo mbele ya ndege uisaidie kuzunguka, iachie itue yenyewe.

Ukishafanya hayo na bado unataka kuiuza, iuze, nami nitakutafutia boksi la kuipakia.

Sanduku nimelifunga. Litakuja na meli ya Alkhamisi, kalipokee Malindi bandarini kwa jina lako na uende na kitambulisho. Ndani mna ndege, mchoro, mpini, pangaboi mbili za akiba na injini imeviringwa kwenye kanga kuukuu ya mama yako, kanga hiyo anaitaka irudi. Mafuta sikukutilia, chombo cha abiria hakipakiwi etha. Zile skrubu za kichwa cha injini usiziguse mpaka ukija likizo.

Wasalaam,
Baba yako