Asanteni team, na ratiba ya Krismasi

Wakuu habari za jioni, najua wengine mshapanda SGR mko njiani Dar ila someni hii kabla hamjazima data 😄

Kwanza asanteni sana kwa huu mwaka. Programu yetu ya kupokelea zabibu sasa inatumika kweli kweli, nilikuwa Hombolo, Dodoma, msimu uliopita nikamkuta karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anapima kreti, anaingiza kilo kwenye simu na mtandao hamna kabisa, akifika barabarani simu ikishika tu data zote zinapanda kwenye seva zenyewe, na zikishapanda tu mkulima anapata meseji ya kilo zake. Mama mmoja aliisoma ile meseji mara mbili halafu akaikunja kanga akaondoka bila kugombana na mtu, kwa wanaojua vurugu za mizani mnajua hiyo ni kazi kubwa. Vijana wa apu mmetisha, ila na dada zetu wa huduma kwa wateja jamani, nyie ndo mnapigiwa simu saa kumi na moja alfajiri.



Sasa tarehe 25 na 26 ofisi imefungwa, zamu ya seva wamejitolea wenzetu Waislamu (Mungu awabariki, pilau lenu lipo), hakuna kugusa kodi (code) za programu mpaka Januari. Bakapu iangaliwe kila jioni maana mvua zikianza huku umeme mnaujua.

Krismasi njema, msalimieni wazee nyumbani. Ambao hamjarudisha laptopu za ofisi nitumieni meseji inboksi leo.