Wauza nailoni za bampa Tabora, tuambieni mnauza nini

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji, hili jambo linatukula hela wengi na sioni mtu akilisema.

Siku hizi hapa Tabora ukiingia duka la spea au kwa hawa vijana wanaobandika tinti za vioo lazima uambiwe ubandike bampa nailoni ya kulinda rangi. Na hoja wanayo, ukienda Urambo au Kaliua umekaa nyuma ya lori, au ukikata barabara za vumbi za Sikonge kiangazi hiki, kokoto zinaipiga bampa ya mbele mpaka rangi inabaki madoadoa. Sasa shida yangu sio nailoni, shida ni kwamba muuzaji haulizwi na hasemi anakubandikia nailoni gani, yeye kwake zote ni "proteksheni".

Ziko aina mbili na ni vitu tofauti kabisa. Kuna stika ya PVC, plastiki ya kawaida, hiyo hiyo wanayoandikia matangazo kwenye bajaji na daladala, nyembamba, unene wake kama maikroni 100 (sehemu ya kumi ya milimita) au chini ya hapo, kazi yake ni urembo, kubadilisha rangi ya gari. Halafu kuna PPF yenyewe, yaani nailoni halisi ya kulinda rangi, hiyo ni poliurethani, plastiki yenye asili ya mpira, unene unacheza kwenye maikroni 150 mpaka 200, inavutika kama mpira na inarudi, kokoto ikipiga inadunda. Hii ilianzia kwa jeshi la Marekani wakati wa vita ya Vietnam, walikuwa wanabandika kwenye mapanga ya helikopta maana mchanga ulikuwa unayala. Sasa kama ilitengenezwa kwa ajili ya mchanga, sisi wa Tabora si ndio wenyewe? Ila unauziwa ile ya bajaji kwa maneno ya hii ya helikopta, jua letu linaipiga, inakakamaa, inakuwa njano, na siku ya kuibandua inatoka vipande vipande kama ganda la yai lililochemshwa vibaya, gundi yote inabaki kwenye rangi. (Ukishafikia hapo pasha joto kwanza kwa draya ya nywele, vuta taratibu ukiilaza, gundi inayobaki futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo halafu osha na sabuni hapo hapo.)

Kabla hujatoa hela omba kipande, vuta kona kwa vidole. Ikirudi kama ilivyokuwa una matumaini, ikibaki imevutika au ikapata weupe hiyo ni stika, mwambie ukweli akupe bei ya stika.

La pili, na hapa vijana wa tinti mtanisamehe, bampa peke yake mtu anaweza kubandika mwenyewe nyumbani. Mnachotuuzia kwa bei kubwa ni uvumilivu, na kazi nzito hapo ni usafi, kubandika ni sehemu ndogo tu. Tatizo mafundi wetu karibu wote wanafanyia chini ya mwembe! Mwembe ni kivuli kizuri cha kupigia stori, ila kwa kazi hii ni adui, unadondosha utomvu, maua, sisimizi, ndege nao wana yao, na punje moja ya mchanga ikiingia chini ya nailoni inaonekana kama kipele mpaka siku utakayoibandua. Afadhali baraza lenye sakafu, umemwagia maji uwanja mzima asubuhi kabla upepo haujaanza. Jirani yangu hapa Isevya aliifungua kabisa bampa ya gari lake, nyingi za hivi vigari vya Toyota zimeshikwa na skrubu na klipu za plastiki, akaiingiza sebuleni akafunga madirisha. Mama mwenye nyumba alinuna siku nzima lakini ile bampa hauoni kipele hata ukipiga tochi, na kingo zote alizikunja kwa ndani ambako ukiwa umeiacha kwenye gari hufiki. Klipu tu ndio uwe nazo za akiba, zinavunjika hovyo.

Uoshe kwa sabuni, utoe lami na wadudu waliogandia, kisha futa na spiriti ya duka la dawa, uangalie isiwe na rangi wala mafuta, maana ukibakiza nta au polishi gundi haishiki. Maji ya kubandikia yachuje, ya kisima yana mchanga mwembamba. Tia matone machache ya shampuu ya mtoto kwenye chupa ya kupulizia, lowesha bampa, lowesha upande wa gundi, lowesha na vidole, hapo nailoni inateleza unaipeleka unakotaka. Anzia katikati sukuma maji nje kwa kipande cha raba. Kwenye kona pasha draya ya saluni kwa mbali ilainike ifuate umbo, usiivute kwa nguvu, nailoni iliyovutwa sana ikipigwa na jua inataka kurudi ilikotoka na kingo ndio zinaanza kufunguka. Sehemu inayogoma kushika pulizia maji yenye spiriti kidogo, subiri, bonyeza tena. Ukiona weupe weupe wa maji chini yake uache, unakauka wenyewe kwa siku kadhaa. Na vijana wa kuosha magari wasikupigie mashine ya presha wiki ya kwanza, hata baadaye wasielekeze bomba kwenye kingo. Kama bampa ina sensa za kuegeshea gari acha matundu yake wazi.

Kuna hili la kiwembe sasa. Nimeona gari ya mtu imekatiwa nailoni juu ya bampa kwa kiwembe, fundi anapitisha tu kama anakata kitenge, ukiinama unaona mstari umeingia mpaka kwenye plastiki. Yaani umelipa ili rangi ilindwe halafu mlinzi ndiye kaichana. Kateni pembeni kwa vipimo vya karatasi kabla ya kubandika, au zile sehemu za kukunja zimalizieni kwa ndani.

Na jamani muwe mnauliza kama bampa imewahi kupigwa rangi upya, magari mengi tunayoyanunua mkononi mwa mtu yameshagongwa yakajazwa puti. Rangi mpya inahitaji kama mwezi hivi ikauke vizuri, na rangi ya mtaani hata ikikauka inaweza kung'oka yote na nailoni siku ya kuibandua. Mteja aambiwe hilo kabla, akikubali ni yeye.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye maduka ni dogo, andikeni kwenye roli la nailoni na kwenye risiti hii ni PVC au hii ni poliurethani, na unene wake. Watu wa mizani na vipimo na hao wanaosimamia biashara mjini nao wapite wakaone, na ninyi gazeti mkipata nafasi tumeni mwandishi akaombe kipande avute kona.

Mwenye gari, Isevya, Tabora