Pingili za mhina

Mikindani

Shoga yangu Somoe,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana. Kama uwanja wenu hapo Masasi una upande unaopigwa jua kutwa, panda mhina, wala usihangaike na maua ya kununua. Utapata ua wa nyumba, maua meupe yanayonukia mpaka barazani, na hina yako mwenyewe.

Mbegu achana nazo. Ni ndogo mno, zinataka kulowekwa siku kadhaa na kubadilishiwa maji, na miche yake hukawia. Nitakukatia pingili za matawi yaliyokomaa kiasi, unene wa penseli, urefu wa shubiri. Pukutisha majani ya chini, zichomeke kwenye viriba vilevile vya miche ya mikorosho, theluthi mbili ziingie udongoni, na angalia usizigeuze juu chini. Ziweke kivulini mpaka zichipue vizuri. Udongo uchanganye na mchanga, kwa sababu mhina huuawa na maji yanayotuama. Ukame hauutishi ukishashika mizizi. Ndiyo maana nataka upande Desemba mvua zikianza, ili kiangazi kikiingia uwe umejishikiza.

Mwaka wa kwanza usiuchume, uache ujijenge. Baadaye uukate bila huruma, maana machipukizi ndiyo yenye rangi kali. Ila maua hutokea kwenye ncha za matawi, ukikata kote hutayaona. Mimi ningeacha upande wa dirishani bila kuugusa.

Majani yaanike kivulini, jua hupunguza rangi. Twanga, chekecha kwa kitambaa chepesi, kanda kwa ndimu, uache saa kadhaa kabla ya kupaka. Ukiibandua utaona rangi ya chungwa tu. Usikate tamaa, hukolea siku ya pili yake.

Na tafadhali, kwenye harusi ya mdogo wako msitie piko. Ile ni rangi ya nywele, haikutengenezwa kwa ngozi. Ina kemikali inayoweza kubabua mikono na kuacha makovu, na mtu ikishamdhuru mara moja, hata rangi ya nywele huenda asiiweze tena maisha yake yote. Bora mkono mwekundu wa hina tupu.

Pingili nitazifunga kwenye ganda bichi la mgomba, nizipakie basi la Jumamosi asubuhi. Mtume mtu stendi azipokee mapema, na mzichomeke siku hiyohiyo.

Wako,
Zuhura